Milipuko ya redio inayorudia angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeulizwa, tena na tena, na wanafunzi wa sekondari, walimu wa fizikia, mafundi redio na wapenzi wa anga hapa Uganda. Tumeyapanga kwa mada, tukianza na ya msingi. Si lazima uyasome yote kwa mpigo: kila jibu linajitegemea, na jambo lililoelezwa kwingine tumekuelekeza lilipo.

## Mambo ya msingi

Mlipuko wa redio wa kasi ni nini?

Ni mmweko wa mawimbi ya redio unaotoka mbali sana angani na kudumu milisekunde chache tu, yaani sehemu chache kati ya elfu za sekunde moja. Wanasayansi huuita FRB kwa kifupi, nasi tutautumia ufupisho huo. Karibu milipuko yote ambayo umbali wake umepimwa imetoka nje ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, na mingine imesafiri mabilioni ya miaka ya nuru kabla ya kutufikia. Mmoja unaweza kutoa, ndani ya hizo milisekunde, nishati ambayo Jua letu hutoa kwa siku kadhaa au hata zaidi.

Macho hayauoni wala masikio hayausikii. Hupokelewa kwa antena.

Wa kwanza uligunduliwaje?

Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walikuwa wakipekua data za zamani za darubini ya Parkes, Australia, wakitafuta pulsa, yaani nyota zinazotoa vipigo vya redio kwa mpangilio. Mwanafunzi David Narkevic akakuta mmweko mmoja uliorekodiwa mwaka 2001. Ulikuwa mkali kiasi cha kukilemea kipokezi kimojawapo cha darubini, lakini ulikaa kwenye kumbukumbu miaka sita bila mtu kuutambua. Wengi walitilia shaka, maana ulikuwa mmoja tu. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Dan Thornton ilitangaza mingine minne kutoka darubini hiyohiyo, na tangu hapo shaka zikaanza kupungua.

Tunapenda kulikumbusha hili kwa sababu ugunduzi wenyewe ulitoka kwenye data zilizokuwa zimehifadhiwa tu. Aliyeutambua alikuwa mwanafunzi mwenye kompyuta na subira.

Chanzo "kinachorudia" maana yake nini?

Ni sehemu moja ya anga ambayo imetoa milipuko zaidi ya mmoja. Kwa miaka kadhaa wengi waliamini kwamba FRB hutokea mara moja tu, pengine nyota inapoangamia. Kisha darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ikarudi kutazama mahali palipotoka mlipuko wa tarehe 2 Novemba 2012, na mwaka 2015 ikanasa mingine kutoka palepale. Matokeo yalichapishwa Machi 2016. Chanzo hicho, FRB 121102, ndicho cha kwanza kujulikana kwamba kinarudia, na kilibadilisha fikra zote: kitu kilichoangamia hakiwezi kulipuka tena mwezi ujao.

Kurudia kulileta faida nyingine kubwa. Ukijua mahali pa kutazama, unaweza kuelekeza madishi mengi huko na kusubiri. Ndivyo mtandao wa madishi wa VLA, Marekani, ulivyoweza kutaja galaksi kinamokaa chanzo hicho, katika matokeo ya Januari 2017. Ni galaksi ndogo iliyo umbali wa takriban miaka bilioni 3 ya nuru.

Je, ni hatari kwetu?

Hapana. Kinachotufikia ni hafifu mno kuliko mawimbi ya simu iliyo mfukoni mwako.

Je, ni ujumbe wa viumbe wengine?

Swali hili huulizwa kila tunapozungumza mbele ya watu, na ni swali zuri. Wapo wanasayansi waliolijadili katika maandishi ya kitaalamu. Lakini milipuko hutoka pande zote za anga, kutoka galaksi zisizo na uhusiano wowote, kwa umri na umbali tofauti kabisa, na mmoja tayari umeonekana ukitoka kwenye nyota tunayoifahamu ndani ya galaksi yetu (tazama "Ni nini kinachoisababisha?"). Ushahidi wote unaelekeza kwenye nguvu za asili.

## Jinsi inavyotafutwa

Wanajuaje kwamba mlipuko umetoka mbali?

Kati ya galaksi na galaksi si kutupu kabisa. Kuna elektroni zilizotawanyika. Mawimbi ya redio yakipita humo, yale ya masafa ya chini (yenye mitetemo michache kwa sekunde) huchelewa kuliko ya masafa ya juu. Fikiria boda boda na lori vilivyoondoka Kampala pamoja kuelekea Masaka: kadiri barabara inavyorefuka, ndivyo pengo kati yao linavyopanuka. Ukilipima pengo hilo, unakadiria urefu wa safari.

Kwa hesabu: chukua namba 4.15, izidishe kwa kipimo cha mtawanyiko cha chanzo (namba inayoonyesha wingi wa elektroni zilizo njiani), kisha ugawe kwa mraba wa masafa katika gigahezi. Utapata ucheleweshaji katika milisekunde. Kipimo cha FRB 121102 ni takriban 557. Kwa hiyo mlipuko wake ukipokelewa kwenye megahezi 800, sehemu yake ya megahezi 400 itafika karibu sekunde 11 baadaye. Mmweko wa milisekunde chache unatandazwa kwenye sekunde 11! Sasa, upande ule wa anga elektroni zote za Njia Nyeupe zingeweza kuchangia takriban 190 tu. Kilichobaki lazima kimetoka nje ya galaksi yetu, na hata kabla VLA haijataja galaksi yenyewe, namba hiyo ilikuwa imeshasema.

Kwa nini kunahitajika kompyuta kubwa?

Kwa sababu hujui mapema pengo litakuwa pana kiasi gani. Kompyuta hujaribu maelfu ya vipimo vya mtawanyiko, kimoja baada ya kingine. Kila mara inavuta masafa ya chini nyuma kwa kiasi fulani, inajumlisha, kisha inaangalia kama kuna kilichosimama juu ya kelele. Ikipatia kipimo sahihi, mstari uliotandaa hukusanyika ukawa mchomo mmoja mkali. Na darubini inayotazama sehemu elfu moja za anga kwa pamoja inalazimika kufanya hivyo kwa kila sehemu, usiku na mchana, bila kuachwa nyuma na data zinazoingia.

Wanautofautishaje na kelele za hapa duniani?

Hapa ndipo kazi ilipo hasa, na kwetu Uganda inastahili kujifunzwa vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Mtafutaji kwanza hujifunza kusoma picha moja: muda umelala chini kutoka kushoto kwenda kulia, masafa yamesimama kutoka chini kwenda juu. Mlipuko wa kweli huchora mstari uliopinda. Huanzia juu kushoto kwenye masafa makubwa, unashuka karibu wima, kisha unazidi kulala kulia kadiri masafa yanavyopungua. Kipindo hicho hufuata ile kanuni ya mraba tuliyoitaja, si mpindo wowote tu. Cheche za plagi ya pikipiki inayopita barabarani huchora kitu tofauti: mstari ulionyooka wima, masafa yote yakifika wakati mmoja, maana safari yake ni mita hamsini na haikupita kwenye elektroni zozote za kuicheleweshea upande mmoja. Radi nayo karibu ni hivyohivyo. Kituo cha televisheni au mnara wa simu huonekana kama pau iliyolala, masafa yaleyale, haikatiki. Ndege zinazokaribia Entebbe hutuma vipigo kwenye megahezi 1090, nazo huacha vidoti katika mstari mmoja mwembamba. Ukikaa na picha hizi majuma machache, jicho lako litaanza kuzitambua kabla programu haijasema.

Lakini kuna kelele zinazoiga kipindo. Parkes walihangaishwa kwa miaka na mimweko iliyopinda karibu kama FRB, wakaiita peritoni. Mwaka 2015 timu ya Emily Petroff ilionyesha chanzo chake: maikrowevu ya hapohapo kituoni, mtu anapofungua mlango kabla haijamaliza kupasha chakula. Dalili mojawapo ni kwamba peritoni zilionekana kwenye vipokezi vyote vya darubini kwa pamoja, ilhali kitu cha angani huonekana kwenye vichache tu. Timu hiyohiyo ilionyesha pia kwamba FRB zina tabia tofauti, hivyo ugunduzi wa 2007 haukuanguka.

Ni darubini zipi zinazofanya kazi hii?

Inayoongoza kwa wingi ni CHIME, iliyo karibu na Penticton, Kanada. Haina dishi wala sehemu inayozunguka: ni mifereji minne ya wavu wa chuma, kila mmoja mita 20 kwa 100, yenye antena 1,024, ikisikiliza megahezi 400 hadi 800 huku Dunia ikiizungusha chini ya anga. Orodha yake ya kwanza, iliyotolewa 2021, ilikuwa na milipuko 536 ya kipindi kisichotimia mwaka mmoja, na ndani yake vyanzo 18 vinavyorudia. Mwaka 2023 iliongeza vipya 25.

FAST ya China, dishi la mita 500, haitazami eneo kubwa lakini husikia kitu hafifu sana. Mwaka 2019 ilinasa milipuko 1,652 ya FRB 121102 ndani ya saa 59.5 za kutazama, na katika saa moja ilifika 122. ASKAP ya Australia ni hodari wa kutaja galaksi ya mlipuko. Barani kwetu ipo MeerKAT, madishi 64 ya mita 13.5 huko Karoo, Afrika Kusini, ambayo hutafuta FRB sambamba na kazi zake nyingine.

Wanathibitishaje kwamba milipuko miwili ina chanzo kimoja?

Hulinganisha mahali na kipimo cha mtawanyiko. Mahali peke yake hapatoshi, kwa sababu darubini kama CHIME inapotazama peke yake huona doa pana la anga ambalo lina galaksi nyingi. Ikiwa namba zote mbili zinaafikiana, bado hukokotolewa uwezekano wa kukutana kwa bahati, hasa kwa vyanzo vilivyoonekana mara mbili tu. Vingine hubaki kwenye orodha ya "huenda" kwa miaka.

## Tabia za vyanzo vinavyorudia

Je, vinarudia kwa ratiba?

Vichache vina msimu. FRB 20180916B, kilicho kwenye galaksi umbali wa karibu miaka milioni 500 ya nuru, kina mzunguko wa siku 16.35: hutoa milipuko katika dirisha la siku nne au tano, kisha hunyamaza hadi mzunguko unaofuata. Na dirisha lenyewe hutegemea masafa unayosikiliza. Masafa ya chini huchelewa siku kadhaa nyuma ya ya juu. FRB 121102 nacho huonekana kuwa na msimu wa takriban siku 160.

Ndani ya msimu, hata hivyo, hakuna saa maalumu. Hakuna anayeweza kukuambia mlipuko ujao utakuja saa ngapi, na vyanzo vingi havina msimu unaojulikana kabisa. Vinaweza kukaa kimya miezi mingi, kisha vikaamka na kutoa makumi kwa siku.

Je, vyote vinarudia, ila hatujasubiri vya kutosha?

Hili ndilo swali kubwa la fani nzima, na tunaomba ulisome jibu lake polepole.

Hesabu ya CHIME ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba vyanzo vilivyoonekana kurudia ni karibu 3 tu kati ya kila 100. Ukiishia hapo, utasema kurudia ni jambo la nadra. Lakini mwaka 2019 Vikram Ravi aliliangalia kutoka upande mwingine: alilinganisha wingi wa FRB na wingi wa matukio ya maangamizi tunayoyajua, kama vile nyota kugongana au kulipuka. FRB zilizidi. Ikiwa matukio ya maangamizi hayatoshi kueleza idadi hiyo, basi sehemu kubwa ya vyanzo lazima viwe vinalipuka zaidi ya mara moja.

Tatizo ni kwamba kutoona mlipuko wa pili kuna maana tu ukijua ulitazama kwa muda gani, kwa darubini yenye uwezo gani. Chanzo kinacholipuka mara moja kila miaka kumi kwa nguvu inayoonekana kwetu, ukikitazama saa 20, utakiita cha mara moja, na utakuwa umekisingizia. Ndiyo maana sisi hatupendi sentensi "hiki hakirudii". Tunasema "hakijaonekana kurudia katika saa kadhaa za kutazama", na tunaitaja namba ya saa.

Timu iliyoongozwa na Franz Kirsten ilionyesha thamani ya subira hiyo. Ilielekeza madishi manne ya kawaida, ya kipenyo cha mita 25 hadi 32, kwenye FRB 20201124A kwa zaidi ya saa 2,000. Ilipata milipuko 46 yenye nguvu nyingi, na mgawanyo wa nguvu zake ulifanana na ule wa milipuko inayoitwa ya mara moja. Inawezekana basi kwamba mingi tunayoiona mara moja ni vilele vya vyanzo ambavyo milipuko yao midogo hatuisikii. Matokeo hayo yalitoka 2024, na swali bado liko wazi.

Je, mlipuko wa kinachorudia unafanana na wa mara moja?

Kwa wastani, hapana. Ya vyanzo vinavyorudia hudumu muda mrefu kidogo na hubana kwenye ukanda mwembamba wa masafa, na mara nyingi mmweko mmoja una vipande vinavyoshuka masafa kimoja baada ya kingine. Ni tofauti ya wastani tu. Usiitumie kuhukumu mlipuko mmoja.

Ni nini kinachoisababisha?

Mtuhumiwa mkuu ni magneta, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali kupita kiasi. Tarehe 28 Aprili 2020 magneta SGR 1935+2154, iliyo ndani ya Njia Nyeupe, ilitoa mlipuko wa redio uliopokelewa na CHIME na pia na mradi mdogo wa STARE2 wa Marekani. Wakati huohuo setilaiti ziliona mionzi ya eksi kutoka nyota hiyohiyo.

Fumbo halijaisha. FRB 20200120E iko karibu na galaksi M81, miaka milioni 12 ya nuru kutoka kwetu, ndani ya kishada cha nyota kongwe. Magneta za kawaida huzaliwa nyota kubwa changa zinapokufa, na katika kishada hicho nyota za namna hiyo zilikwisha zamani sana. Huenda magneta ile ilizaliwa kwa njia nyingine, kwa mfano nyota mbili kongwe kuungana. Tunaona hiki ndicho chanzo kinachostahili kufuatiliwa kuliko vyote, kwa sababu ni cha karibu na hakikai pale kilipotarajiwa.

## Kutoka Uganda

Je, Uganda ina darubini ya redio ya kufanya kazi hii?

Kwa kazi ya FRB, hapana. Nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, wa darubini kubwa ya redio, ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia, sisi hatumo. Tunacho kituo cha Mpoma, wilayani Mukono, cha mawasiliano ya setilaiti, kilichotumika pia kwa PearlAfricaSat-1 iliyorushwa 2022, lakini setilaiti hiyo ilikuwa ya kutazama ardhi. Upande wa masomo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha fizikia ya anga katika idara yake ya fizikia.

Ghana walichukua dishi la mawasiliano la mita 32 lililokuwa halitumiki huko Kuntunse, wakaligeuza kuwa darubini ya redio iliyozinduliwa 2017. Tungependa sana kuona jambo kama hilo likijadiliwa hapa kwa uzito.

Kuwa kwenye ikweta kunatusaidia?

Kunatusaidia sana, na watu wengi hawajui. CHIME iko kaskazini mno, haioni sehemu kubwa ya anga ya kusini. Parkes na MeerKAT ziko kusini na haziwezi kufuata vyanzo vya kaskazini ya mbali. Kutoka Kayabwe, kwenye alama ya ikweta, karibu anga yote hupita juu ya upeo wa macho. M81, kwenye Dubu Mkubwa, hufika karibu nyuzi 21 juu ya upeo wa kaskazini. Wingu Dogo la Magellan, ambako karibu yake ndipo ulipoonekana ule mlipuko wa 2001, hufika nyuzi 17 upande wa kusini. FRB 121102 hupita juu zaidi, nyuzi 57. Ni nchi chache duniani zinazoweza kuvifuata vyote vitatu kutoka shamba moja.

Naweza kunasa FRB kwa dishi la televisheni na kijiti cha SDR (kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta)?

Kutoka galaksi nyingine, hapana; dishi ni dogo mno. Na kuna tatizo la pili ambalo halitajwi mara nyingi. Vijiti vya SDR vya bei nafuu husikiliza ukanda wa takriban megahezi 2.4 kwa wakati mmoja. Kwenye megahezi 1,420, mlipuko wa FRB 121102 ungechelewa milisekunde 4 tu kutoka ukingo mmoja wa ukanda hadi mwingine. Kipindo hakitaonekana, na hutaweza kuutofautisha na cheche ya pikipiki.

Mlipuko kutoka magneta ya ndani ya Njia Nyeupe ni habari nyingine. Ule wa Aprili 2020 ulikuwa mkali mno. Kila antena ya STARE2 ilikuwa kipande cha bomba la chuma kilichozungushiwa sufuria mbili za kuokea keki, na kulikuwa na vituo vitatu vilivyotengana mamia ya kilomita. Utengano huo ndio siri: kelele ya kienyeji haifiki vituo vyote kwa pamoja. Mtu akiweka vituo Gulu na Mbarara, mlipuko wa angani utafika vyote viwili kwa tofauti isiyozidi milisekunde 1.4, na boda boda ya Gulu haitasikika Mbarara. Kinachohitajika ni ukanda mpana wa masafa, vikuza mawimbi vyenye kelele ndogo, saa zilizolinganishwa kwa GPS, na miaka ya subira, maana mlipuko kama huo ni wa nadra. Fundi redio mzuri anaweza kuanza kwa kupima mstari wa haidrojeni wa megahezi 1,420 kutoka Njia Nyeupe. Hiyo kwa kijiti cha kawaida inawezekana, na itakufundisha kila kitu kuhusu kelele za mtaani kwako.

Sina dishi. Nifanyeje?

Pekua data zilizo wazi. CHIME hutoa orodha yake bure. Mradi wa Breakthrough Listen uliweka wazi rekodi za FRB 121102 za Agosti 2017 kutoka darubini ya Green Bank, Marekani. Wachunguzi wa kwanza walipata milipuko 21 humo. Kisha Gerry Zhang na wenzake wakafundisha kompyuta kuitafuta upya na kupata mingine 72 katika rekodi zilezile.

Programu zenyewe ni za bure: PRESTO kwa kutafuta, Heimdall kwa wenye kadi ya picha yenye nguvu, na FETCH kwa kuchuja milipuko ya kweli na kelele. Zote hutumika vizuri zaidi kwenye Linux. Kama bando ni tatizo, na mafaili haya ni makubwa kweli, anza na orodha za milipuko badala ya rekodi ghafi. Orodha nzima ya CHIME inaingia kwenye simu, na maswali mazuri ya takwimu bado yamo humo.

Mvua na radi vinazuia?

Mawingu na mvua ya kawaida havizuii mawimbi ya karibu na gigahezi 1. Radi ni jambo jingine, na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani. Hujaza data mistari wima, na inaweza kuua kipokezi au mtu. Ikianza kunguruma, chomoa antena na uandike kwenye daftari saa uliyoacha.

## Mambo ya pembeni

Nimeona mstari uliopinda kwenye data zangu. Nifanyeje?

Usifute chochote. Hifadhi rekodi ghafi ya dakika kadhaa kabla na baada. Kagua kama kipindo kinafuata kanuni ya mraba, na kama kipimo cha mtawanyiko kinazidi mchango wa Njia Nyeupe upande huo. Tafuta mstari kama huo saa hiyohiyo siku nyingine. Ukirudi kwa saa ya ukutani, karibu hakika ni kifaa cha jirani. Kisha mwonyeshe mtu mwenye uzoefu kabla ya kuutangaza.

Nimepekua saa nyingi sijapata kitu. Ni kazi bure?

Si kazi bure, mradi uliandika saa hizo. Soma tena jibu la "Je, vyote vinarudia": hoja nzima husimama juu ya idadi ya saa ambazo watu walitazama na kuambulia patupu. Dishi mojawapo kati ya yale manne ya timu ya Kirsten, la mita 25 huko Stockert, Ujerumani, linaendeshwa na watu wanaojitolea. Andika ulipotazama, masafa, muda wa kuanza na kuacha, na mlipuko hafifu kabisa ambao kifaa chako kingeweza kuusikia. Daftari lenye mambo hayo manne ni matokeo ya kisayansi, hata kama safu ya "milipuko" ina sifuri tupu.

Kuna mlipuko uliodumu sekunde tatu?

Upo: FRB 20191221A, uliotangazwa na CHIME mwaka 2022. Ndani ya sekunde hizo tatu kulikuwa na vipigo vilivyopangika kila baada ya sekunde 0.217. Haujaonekana kurudia, na namba ya saa inaendelea kuongezeka.

Jina kama FRB 20180916B linasomwaje?

Mwaka, mwezi, tarehe, kisha herufi ya mpangilio wa siku hiyo. Majina ya zamani yalikuwa na tarakimu sita, ndiyo maana FRB 121102 na FRB 20121102A ni kitu kimoja. Chanzo kinachorudia hubaki na jina la mlipuko wake wa kwanza.

Niandike muda kwa saa zetu au za kizungu?

Andika UTC, saa ya dunia, peke yake. Hapa ndipo daftari nyingi huharibika, kwa sababu tuna hatua mbili za kubadili. Saa 3 usiku ya kwetu ni 21:00 kwa saa ya Afrika Mashariki, na 21:00 hiyo ni 18:00 UTC. Kumbuka pia kwamba chanzo hufika mahali palepale angani dakika 4 mapema kila siku. Kilichopita juu yako saa 3 usiku leo, baada ya mwezi kitapita saa 1 usiku.

Tarehe nayo inaweza kubadilika. Mlipuko ulionaswa saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 5 umeingia 23:00 UTC ya tarehe 4, na jina lake litabeba tarehe 4.